Mwanga Unaorudi Ulikotoka

Sina hakika kama ni haki yangu kuandika habari hii. Jicho si langu, mtoto hakutoka tumboni mwangu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini katika nyumba yetu hapa Ujiji mimi ndiye mwenye mazoea ya kuandika mambo ya siku, na nisipoliandika hili kila mtu atalikumbuka kwa namna inayompendeza yeye, na mimi nitakuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Umeme ulikatika mara tu baada ya swala ya magharibi. Zilikuwa siku za mbalamwezi, na mwanangu, ambaye ni mvuvi, hakuwa na kazi, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, wanatawanyika ziwa zima, basi mitumbwi hupumzika. Tochi yake ya kichwani ilikuwa inaning'inia msumarini. Nikaivaa, nikakaa kibarazani kuchambua maharage. Mjukuu wangu, wa kiume, wa mwaka mmoja na kitu, akaja akiyumbayumba, akashika goti langu, akainua uso kuniangalia.

Jicho la kulia lilikuwa jicho tu. La kushoto likawaka.

Nimejaribu mara nyingi kuutafutia mfano weupe ule. Haukuwa ukijani wa jicho la paka, wala wekundu ule wa kwenye picha. Ulikuwa kama ndani ya sufuria mpya ukiipiga tochi. Mtoto akageuza uso kidogo, ukazimika. Akanirudia, ukawaka tena.

Nikamwita mzee wangu. Yeye aliacha ziwa miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mgongo, lakini kichwani bado ni mvuvi. Nikamvalisha tochi, akachuchumaa mbele ya mjukuu wake. Kisha akapiga makofi.

"Mama wee! Huyu kazaliwa na karabai!"

Zamani, kabla ya hizi taa za sola na betri, walivua kwa karabai za mafuta ya taa. Mwenye mwanga mkali ndiye waliyemfuata dagaa. Mzee wangu akaanza kumpigia mtoto hesabu za maisha yake yote: huyu hatahangaika kutafuta samaki, samaki watamtafuta yeye. "Baba yake ananunua betri," akasema, "yeye kaja nazo kichwani."

Nilicheka. Lilikuwa jambo la kucheka, na mtoto mwenyewe alikuwa anacheka.

Asubuhi iliyofuata habari ilinitangulia Katonga, kwenye mwalo, mitumbwi inakofikia, ambako mimi hununua dagaa wabichi na kuwaanika juu ya chanja. Wanawake wa chanjani hawana dogo.

"Bibi wa karabai, shikamoo! Mjukuu umemwacha anawaka, au umemzima?"

"Wewe usimzime, waya za umeme zikikatika tuje tuazime!"

Mtu mmoja tu ndiye hakucheka, naye ni mkamwana wangu, mama wa mtoto. Tunaishi naye nyumba moja. Ni binti wa maneno machache, na sijawahi kumshika uongo. Jioni alimpakata mtoto, mimi nikavaa tochi nikammulika ili mama yake aone. Mimi niliona. Yeye, aliyekuwa kaketi pembeni huku kamshikilia mtoto mabega, hakuona kitu.

"Mama, mimi namwogesha kila siku. Namnyonyesha. Hilo jicho nalitazama kuliko mtu yeyote. Silioni hilo mnalolisema."

Alikuwa anasema kweli. Majirani waliokuja kutazama walisimama huku na huku, mmoja akaapa kaona, wanne wakaapa hawajaona, na ikawa ubishi wa kuchekesha, kisha ukawa ubishi wa kuchosha.

Ijumaa akaja mama yake mkamwana. Ukoo wao ulitoka ng'ambo, Kongo, tangu wakati wa babu yake, na wanakaa Katonga. Yeye mwenyewe anauza vitenge. Alikaa mkekani, akanywa chai yake yote kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mukwe, jicho ya mtoto haisemwagi. Mutu akiisema sana, kesho ikipata kitu, tutamuuliza nani?"

Lile neno liliniingia. Mtu mwingine angesema alinitisha. Mimi naona alikuwa ananihurumia, maana kwetu wote, Waha kwa Wakongo, aliyetangulia kutaja kiungo cha mtoto ndiye anayeulizwa kikiharibika. Nikaamua kunyamaza. Tochi nikairudisha msumarini.

Labda ningenyamaza mpaka leo. Lakini chumba cha nje tumempangisha mwalimu wa fizikia, kijana anayefundisha sekondari moja upande wa Katubuka. Jioni moja alirudi na darubini ya shule akiijaribu kabla ya kuwaonyesha wanafunzi wake. Akaisimamisha uani, akaielekeza upande wa nchi kavu, kwenye nyota moja kubwa iliyokuwa inapanda nyuma ya migazi, ile michikichi yetu.

"Mama, njoo umwone Mshtarii, ile sayari kubwa."

Nikaweka jicho. Niliona kiduara cha rangi ya maziwa, na pembeni yake vidoti vinne vimepangana kama shanga zilizobaki kwenye uzi uliokatika. Akasema ile ni miezi yake. Mitatu kati ya minne hiyo juu yake ni barafu.

"Barafu huko nani kaigandisha?"

"Baridi, mama. Huko maji ni magumu kama mwamba. Hiyo miezi haina mwanga wake hata chembe. Jua linaipiga, nayo inarudisha."

Nikamuuliza kama yote inarudisha sawasawa. Nadhani swali lilimfurahisha, maana aliiacha darubini akaja kukaa kwenye ndoo. Alisema kuna mmoja umezeeka, umejaa vumbi, unarudisha kidogo tu. Na kwenye sayari nyingine, Zohali, kuna mwezi mdogo ambao barafu yake ni mpya kila wakati, kwa sababu unatoa mvuke wa maji kwenye nyufa zake, mvuke unaganda na kuuangukia wenyewe kama unga, basi karibu mwanga wote unaopewa unaurudisha. Nilipenda hilo la kujipaka unga.

"Lakini subiri nikwambie la ajabu," akasema. "Siku hizi jua linazama nyuma yetu wakati Mshtarii anachomoza mbele yetu. Sisi tuko katikati, jua tumeligeuzia mgongo. Basi siku kama hizi ile miezi ya barafu inang'aa kupita kawaida yake. Si kwa kuwa imetukaribia tu. Inazidi hapo."

"Kwa nini?"

"Juu yake ni chembechembe, kama chumvi ya mawe. Mwanga unaingia katikati ya chembe, mwingi wake unarudi kwa njia ileile uliyojia. Ukitazama kutoka pembeni, unaona na vivuli vya zile chembe. Ukisimama mwanga unakotoka, kila chembe inakificha kivuli chake nyuma yake. Huoni kivuli hata kimoja. Weupe mtupu."

Nikamwambia, mwalimu, hao ni dagaa. Akashangaa. Nikamweleza kwamba Katonga, mchuuzi mgeni akija asubuhi, sisi tunamkaribisha upande ambao jua linampiga mgongoni. Akitazama chanja, anaona fedha tupu. Mchuuzi mzoefu hakubali kukaa. Anazunguka mpaka ng'ambo ya chanja alitazame jua, na hapo anawaona dagaa walivyo, waliovunjika, walioanza kuwa wa kahawia, na mchanga. Dagaa ni walewale. Aliyehama ni mtazamaji.

"Si sawa kabisa," akasema, "dagaa ana ngozi kama kioo, na barafu ile ni chembe. Lakini mahali pa kusimama, hapo umepatia."

Mahali pa kusimama. Niliona kama mtu kanivuta upindo wa khanga. Nikatazama mlangoni kama kuna mtu, kisha nikamwambia habari ya jicho yote, na tochi, na ubishi wa walioona na wasioona.

Alianza kwa kujitoa, na nilimheshimu kwa hilo. "Mama, mimi si daktari. Nikikosea nitakuwa nimewavurugia nyumba."

"Sema la fizikia tu."

"La fizikia ni hili. Mwanga haukai ndani ya kitu kama maji mtungini. Mtoto hana taa. Ukiona mwanga unarudi, kuna kitu kinaurudisha. Jicho lenye afya, ndani kabisa, ni wekundu wa damu. Ndiyo maana kwenye picha za simu macho huwa mekundu. Likirudisha weupe, mle ndani kuna kitu cheupe." Akajigusa paji la uso. "Tochi ya kichwani iko karibu na macho ya aliyeivaa. Ndiyo maana anaona yeye, wa pembeni haoni. Mna picha yake ya simu, ya gizani?"

Ilikuwepo, ya Idi, kwenye simu ya mwanangu. Tulikuwa tumeicheka siku ile: jicho moja jekundu, jingine jeupe, tukasema simu za bei rahisi ndivyo zilivyo. Mwalimu aliitazama, akanirudishia simu, akaenda kuikunja darubini yake.

Nilianza na mzee wangu. Alikasirika, na mimi si mtu wa kusema alikasirika bure. Alikuwa amempa mjukuu zawadi, nami nakuja kumwambia zawadi ile ni ugonjwa.

"Mwalimu wako anaona miezi iliyoko huko mbinguni, baraka iliyoko ndani ya nyumba haioni."

"Anasema kuna kitu."

"Kuna kitu, ndiyo. Nilisema mimi kwanza."

Kisha nikaenda kwa mkamwana jikoni, nikamwambia avae tochi yeye mwenyewe. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha mwiko.

"Unataka nimmulike mwanangu kama dagaa, mama?"

"Nataka usimame niliposimama mimi."

"Na nikiona? Nitakuwa nimeona nini? Wewe unasema kitu, baba anasema baraka, Katonga wanasema karabai. Mimi nasema mwanangu."

Siku ya pili yake alimwomba mumewe ruhusa, akaenda na mtoto kwa mama yake kupumzika. Hakutoroka, watu waliosema katoroka walisema uongo. Lakini nguo alizochukua zilikuwa nyingi.

Siku zile nilijitilia shaka kila saa. Nilijiuliza kama naivunja nyumba ya mwanangu kwa ajili ya mng'ao ambao wengi hawauoni, kwa maneno ya kijana aliyekiri mwenyewe kwamba si daktari. Nikaanza kuwamulika wengine ili nijithibitishie. Nilimmulika mbuzi wa jirani. Nilimmulika mzee wangu wakati kajilaza baada ya chakula.

"Unanitafuta nini usoni?"

"Karabai."

"Umeipata?"

"Huna."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, na hapo ndipo tukaanza kusemezana tena. Lakini hakusema nenda, wala hakusema usiende.

Nikaenda. Nilitia tochi kwenye kapu chini ya migebuka wanne, samaki wa ziwa letu, waliofungwa kwa majani, na nilipomaliza kuanua dagaa nikapitia kwa mkwe mwenzangu. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo, na chumba chao cha mbele kinatazama huko. Walinipokea vizuri. Mtoto alinijia. Nikaona jambo ambalo sikuliona alipokuwa kwetu: lile jicho la kushoto lilikuwa linajiendea nje peke yake, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba kingine.

"Anachoka," mkamwana alisema kabla sijauliza.

Nikaitoa tochi nikaiweka juu ya mkeka. Sikumpa yeye. Nilimwelekea mama yake.

"Mkwe, sikuombi uniamini. Nakuomba usimame pangu mara moja tu."

"Na nisipoona kitu?"

"Nisipokuwa mkweli nitakuja hapa na ndugu zangu kukuomba radhi, na habari ya jicho hutaisikia tena kinywani mwangu."

"Wewe mwanamke," akasema, "uko na kichwa ngumu kama ya mutoto yangu." Akaivaa juu ya kilemba chake, ikakaa upande. Akashusha pazia mwenyewe. Mtoto alipoona bibi yake kavaa kitu cha kuchekesha, akamtazama usoni moja kwa moja.

Nilikuwa nimekaa pembeni, basi sikuona kitu. Niliona jicho la mtoto la kawaida, na uso wa mkwe mwenzangu ukiacha kutabasamu. Alimsogeza mtoto kulia, akamsogeza kushoto, taratibu. Akaivua tochi. Hakunitazama. Alikwenda akamvalisha binti yake, akamfunga mkanda nyuma ya kichwa kama anavyofungwa mtoto ushungi, akampakata mtoto yeye, akamgeuzia.

Mkamwana wangu alitazama.

"Mama," akasema. Sote wawili tuliitika.

Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali, sisi watatu na mtoto. Daktari alikuwa mwanamke. Alizima taa, akachukua kifaa kidogo chenye taa ndani yake, akakiweka kwenye jicho lake mwenyewe, akamwinamia mtoto. Akamtazama kutoka palepale mwanga ulipotoka. Nilitaka kumshika mkamwana mkono, lakini sikujua kama angeupokea.

Daktari hakuzunguka. Alisema ndani ya jicho kuna uvimbe, na uvimbe wa namna hiyo kwa mtoto mdogo mara nyingi ni saratani. Alituandikia kwenda hospitali kubwa, mkoa mwingine. Akasema tusisubiri kupata nafasi, tuitengeneze. Mkwe mwenzangu akauliza kama jicho litapona. Daktari akasema, "Sasa hivi tunautafuta uhai wa mtoto, mama. Jicho tutaliuliza baadaye."

Jicho lililiwa na ugonjwa mpaka likatolewa. Mtoto yuko hai. Nayaandika haya mawili yakiwa pamoja kwa sababu nikiandika moja peke yake nasikia nimedanganya.

Mzee wangu alipopata habari alitoka, akaenda mwaloni, akakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa mpaka mwanangu akaenda kumchukua. Watu wengine, hata wa nyumbani, wamemlaumu. Mimi sikubali. Aliona mwanga ndani ya mjukuu wake, akamtakia kitu kizuri kuliko vyote anavyovijua. Mvuvi wa dagaa angewaza nini? Kijana mmoja Katonga, ambaye hakuwa amesikia yaliyotokea, alimwuliza kwa utani karabai inaendeleaje. Mzee alimjibu vizuri tu, akasema, "Mtoto hajambo," akaendelea na safari yake. Nilikuwa nyuma yake, nikaona shingo yake imeinama.

Mkwe mwenzangu hajawahi kusema kwamba jicho liliharibika kwa kuwa mimi nililisema. Angeweza. Wapo waliomsogezea maneno hayo mdomoni, akayatema.

Ila mkamwana wangu aliniuliza swali moja, tukiwa tunaosha vyombo, bila hasira. "Mama, siku ile jikoni, kwa nini hukunivalisha kwa nguvu?" Nilimwambia sijui. Nimelifikiria sana tangu hapo. Kama ningemvalisha kwa nguvu angeivua, nasi tungebaki na ugomvi badala ya tochi. Au asingeivua. Mwalimu nilipomwuliza kama siku zile zingeweza kuliokoa jicho, alisema hilo halimo katika fizikia.

Lililobaki ni jicho la kulia. Wametuambia ugonjwa ule unaweza kuja na huko, kwa hiyo kila baada ya muda mtoto anarudishwa kule mbali, analazwa kwa dawa ya usingizi, wanamtazama ndani. Safari ya juzi ilipokaribia, mimi na mkwe mwenzangu tulianza kushindana nani amsindikize. Mimi nilisema najua kumshika. Yeye alisema mtoto hulala kwa nyimbo zake. Tulikuwa tunasema kwa adabu, lakini tulikuwa tunagombana. Mkamwana alikuwa anakunja nguo.

"Hendi mtu," akasema. "Naenda naye mwenyewe. Akizinduka, jicho lake likifunguka, anione mimi kwanza. Ninyi mmeshamwona vya kutosha."

Mama yake akatafuta kitenge cha kumbebea, mimi nikafunga maandazi kwenye mfuko.

Leo mchana amepiga simu. Nilikuwa uani, nikaipokea kwa mikono yenye mawese.

"Wameliangalia," akasema. "Ni safi. Kwa sasa."

"Kwa sasa maana yake nini?"

Nilisikia nyuma yake mtoto analia, si wetu, wetu namjua.

"Mama, maana yake ni kwa sasa. Mwambie baba atupokee kesho stendi, na asije na watu."

Nikageuka nimwambie. Mzee wangu alikuwa mlangoni mwa chumba chetu tangu simu ilipolia, kavaa kiatu kimoja, ameinama anaangaza macho chini ya kitanda akitafuta cha pili.